Nilivyowaaminisha kina mama wa Rugerero kwamba mbunge wa Marekani akisema ndiyo, basi imepita

Wakuu, salaam kutoka Gisenyi, huku ambako ukivuka kizuizi tu uko Goma.

Leo sijaja kubishana na mtu, nimekuja kukiri. Yote haya yamenikuta mwenyewe, na mashahidi ni kina mama kumi na tisa na cherehani zao. Anayetafuta chai atazame nyuzi nyingine.

Mods, nawaomba msinihamishie jukwaa la siasa za kimataifa. Najua Congress imo humu ndani, ila hii ni stori ya mikoba.

Mnijue kwanza kidogo. Mimi nimezaliwa na kukulia Karagwe, tukarudi Rwanda na wazazi nikiwa kidato cha pili. Kiswahili changu ni cha Bongo na hapa nachekwa nacho kila siku. Ni katibu wa ushirika wa washonaji pale Rugerero. Mimi ndiye wa barua, email na kutafsiri Kiingereza. Kushona sijui, hata kifungo cha shati nashonewa.

Halafu baadhi yenu humu mnanifahamu. Mimi ndiye yule wa kuchambua uchaguzi wa Marekani jimbo kwa jimbo, hadi mtu ananiuliza kama nina kura huko. Kumbukeni hilo, ndilo lililoniponza.

Mwenyekiti wetu ni Mama Zawadi. Alikulia Masisi, kule Kongo, na Kiswahili chake, kama cha wengi hapa, ni cha huko, kimechanganyika na Kifaransa. Akarudi huku na cherehani moja na watoto wanne. Hapandishi sauti hata siku moja. Anakuuliza swali kwa upole, halafu anakaa kimya mpaka ujibu, na kile kimya chake ndicho kinachokutoa jasho.

Sasa tuje kwenye mikoba.

Ushirika unashona mikoba ya kitenge, na mnunuzi mkubwa ni mama mmoja wa Kimarekani mwenye duka, hapa tunamwita Mama Karoli. Mikoba ilikuwa inaingia kwao bila ushuru kwa sababu ya sheria fulani ya biashara. Sheria hiyo ilikuwa inakaribia kuisha muda wake. Mama Karoli alituambia wazi kabisa: isipoongezewa muda, hataweza kuchukua mzigo tena.

Kipindi hicho hicho, shule moja ya upande wa Nyundo ikatuletea kazi ya sare za wanafunzi wote. Kazi ya miezi mitatu, ya uhakika, hapa hapa nyumbani. Walitaka jibu ndani ya wiki mbili.

Kazi zote mbili tusingeziweza. Ilikuwa tuchague.

Katikati ya mawazo hayo ndipo akatokea Mgeni.

Nitamwita hivyo hivyo, Mgeni. Mtu mzima, mpole, msaidizi wa mbunge mmoja wa huko Marekani. Alikuwa kwenye msafara wa kuangalia miradi ya wanawake, wamefikia hoteli ya ziwani, wakaja kwetu Alhamisi asubuhi.

Hapa nisimame kidogo, maana bila hili hamtaelewa kosa letu.

Huku kila wiki kuna mkutano wa wananchi. Unasimama na tatizo lako mbele ya watu wote, kiongozi anasikiliza, akisema "hili nimelichukua" linaandikwa. Wiki ijayo anaulizwa limefikia wapi, na hawezi kujificha. Kina mama wakaiga utaratibu huo kwenye ushirika. Kila Alhamisi linafunguliwa daftari: tatizo gani, nani kalibeba, limefika wapi. Likiisha, Mama Zawadi anapiga mstari mwekundu. Fundi wa paa aliandikwa humo, akasomwa Alhamisi nne, ya tano alikuja mwenyewe na ngazi.

Basi Mama Zawadi akamuuliza Mgeni kupitia kwangu: ninyi mnakubali hii sheria iendelee?

Mgeni akasema bosi wake anakubali kabisa. Akaongeza kwamba wabunge wengi wa vyama vyote viwili wanakubali. Akasema watalisukuma.

Mama Zawadi akageuka. "Mumuandike."

Akaandikwa. Akaletewa daftari asaini. Jamaa akatabasamu, akasaini kwa mbwembwe, na pembeni akaandika asante kwa ukarimu wenu. Alidhani ni kitabu cha wageni! Nami nikaona lakini nikanyamaza, nikijisemea ndiyo vizuri, amejifunga mwenyewe.

Walipoondoka Mama Zawadi akanivuta pembeni.

"Katibu, we njo unajua mambo ya kule. Uyu mutu iko na nguvu ya kweli?"

Nikamwambia, "Mama, vyama vyote viwili vimekubali. Hiyo imepita. Ya shule tuikatae."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa, mama."

Aisee. Aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilijibu bila hata kumeza mate.

Kazi ya shule ikakataliwa, akapewa fundi mmoja wa Mahoko.

Alhamisi ya kwanza daftari likafunguliwa. Anayesoma ni Furaha, mama wa makamo mwenye macho makali kuliko sisi wote. "Mugeni wa Marekani. Alisema watasukuma sheria. Imefika wapi?" Wote wakaniangalia mimi. Nikasema nitaandika email.

Nikaandika. Akajibu kwa heshima kwamba wanaendelea kulifuatilia.

Alhamisi ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Ya nne nikapoteza uvumilivu, nikamwandikia: ndugu yangu, kama wote mnakubali, kinachokwamisha ni nini hasa?

Hapo nimpe sifa yake, alinijibu kwa ukweli. Email ndefu. Wakuu, nimesoma siasa za Marekani miaka yote hii, lakini sijawahi kukaa nazo mbele ya wanawake kumi na tisa wanaosubiri kazi.

Alhamisi iliyofuata nikachukua chaki, nikasimama kwenye ubao tunaochorea vipimo, nikaanza kueleza.

Nikasema mbunge hawezi tu kuamka na kupeleka sheria ipigiwe kura. Anayepanga kipi kiingie bungeni ni viongozi wa chama chenye wabunge wengi. Na hao hawataki kuileta peke yake, wanataka waifunge pamoja na mambo mengine wanayoyapigania wao. Chama cha pili kinaipenda sheria ila hakiyataki hayo mengine, na pia hakitaki wenzao wapate sifa kabla ya uchaguzi.

"Bon," akasema Mama Zawadi. "Endelea."

Nikasema halafu kuna vikundi vya masilahi. Wenye viwanda vya mikoba huko wana chama chao, wanataka sheria ife ili wa nje tusiwabane. Wenye maduka makubwa nao wana chama chao, wanataka iishi. Kila upande umeajiri watu ambao kazi yao ni kwenda kuonana na wabunge asubuhi hadi jioni, na wakati wa kampeni vikundi hivyo hivyo ndivyo vinavyochangia. Na wafugaji wa kuku nao wamo, wanataka kwenye sheria hiyo hiyo kuwekwe sharti la nchi za Afrika kununua kuku wao.

Furaha akaacha kuandika. "Kuku inaingia namna gani ndani ya mukoba?"

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekasirika jamani.

Mama Zawadi hakucheka pia. Akasubiri watulie.

"Donc bote banakubali, alafu jibu ni hapana. Nani anakatala?"

Nikamwambia hakuna mtu mmoja anayekataa.

"Katibu, kwetu mutu akikatala unaonaka uso yake. Huyu uso yake iko wapi?"

Nikaishia kufuta ubao.

Wiki zilizofuata nilizichukia Alhamisi. Nikawa napeleka habari mpya kila mara: kamati imekaa, kamati haikukaa, bunge limekwenda likizo, bosi wake Mgeni anaogopa kuonekana anatetea mikoba ya Waafrika kwa sababu kuna mwenzake wa chama hicho hicho anakitaka kiti chake. Nilikuwa naongea kama mtangazaji. Kila nikimaliza, Furaha anaandika neno moja: bado.

Mama Karoli naye alijaribu. Alituma voice note akiwa amechoka kabisa. Alikwenda mwenyewe ofisi ya mbunge wa kwao, na wenzake sita wa kanisani. Walipokewa vizuri, wakapewa kahawa, wakaambiwa linasukumwa. Wanatoka wakakutana mlangoni na mabwana wawili wenye suti wa kile chama cha viwanda, wakaingia ndani moja kwa moja kwa mbunge mwenyewe. Yeye ni mpiga kura wa pale miaka yote na aliishia kwa katibu muhtasi.

Sheria ikaisha muda. Haikupigiwa kura ya kukataliwa wala nini, ilikufa tu kwenye foleni.

Wiki moja baadaye Mama Karoli akasitisha oda. Alilia kwenye simu, na mimi nikatafsiri kilio chake kwa kina mama, kazi ambayo sitaki kuirudia.

Alhamisi iliyofuata nilifika na hasira zangu zote. Nilikuwa nimejiandaa kuwasema Wamarekani kuanzia chama cha kwanza mpaka kuku wa mwisho. Cherehani zimefunikwa, hakuna anayeshona. Mama mmoja alikuwa ameshaanza kuvuka na nyanya za kuuza Goma, kiti chake kitupu.

Furaha akafungua daftari. "Mugeni wa Marekani. Bado."

Nikasimama niongee. Mama Zawadi akainua mkono.

"Iko na mustari ingine. Soma, Furaha."

Furaha akasoma bila kunitazama: "Katibu. Alisema imepita, tukatale kazi ya shule. Bado hajajibu."



Nikaomba nilione daftari. Mstari ule uliandikwa siku ile ile ya Mgeni, chini kidogo ya saini yake yenye mbwembwe. Miezi yote hiyo ulikuwepo. Hawakuusoma hata mara moja.

"Mbona hamkuwahi kunisomea?" nikauliza.

Mama Zawadi akasema, "Mugeni iko mbali, anasomewa. We uko hapa kila siku. Tulikuwa tunangoja useme we mwenyewe."

Halafu akanyamaza. Mnakijua kile kimya nilichowaambia.

Nilitafuta chama cha kukisingizia, nikakosa. Hakuna kamati iliyonizuia, hakuna mfugaji wa kuku aliyenituma. Nikasema: "Nilisema kitu nisichokijua, kwa sababu niliona aibu kusema sijui. Kosa ni langu. Nisameheni, kina mama."



Mama Zawadi akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari kwenye jina langu. "Bon. Hiyo imeisha. Sasa panda moto, tunaenda Mahoko."

Tulipanda moto, yaani bodaboda, mpaka kwa yule fundi aliyepewa sare. Kazi ilikuwa imemlemea, nusu shule haijavaa. Mama Zawadi akaongea naye kama nusu saa, mimi nikiwa nimekaa kimya kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ukatibu. Fundi akatupatia kola, mifuko na vifungo tushone sisi. Sio kazi ya kujivunia, lakini cherehani zimefunuliwa, na yule wa nyanya amerudi kwenye kiti chake.

Mimi nimepewa kazi ya kushona vifungo. Najichoma sindano kila siku na wanacheka.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nazijua siasa za Marekani kwa ajili ya kubishana tu. Nilijua nani ataongoza jimbo gani, sikujua kwamba watu mia wanaweza kukubali jambo na bado lisifanyike, na asipatikane hata mmoja wa kusimama aseme ni mimi. Na mwenzenu nilikuwa mwepesi wa kulilaumu hilo kwao, huku nalifanya Rugerero.

Ule ukurasa bado upo. Una mstari mwekundu mmoja tu, wa kwangu. Wa Mgeni uko wazi na unasomwa kila wiki, na mimi bado namtumia email.

Kwa hiyo, wakuu mlioko Marekani na mnaofuatilia mambo ya huko, lile swali la Mama Zawadi bado linanisumbua: nani anakatala? Mwenye jina aliweke hapo chini. Alhamisi asubuhi nitalipeleka, na safari hii kama silijui nitasema silijui.