Siku Tuliyozima Taa za Studio

Siku yangu ya kwanza kazini, katika studio ndogo ya picha pale Temeke, sikushika kamera. Fundi Mkuu, mzee mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliniketisha sakafuni katikati ya watoto watatu wa mteja. "Binti, leo kazi yako kucheza nao tu," akaniambia. "Ukiona mmoja ametulia, sema 'hapo'." Nilisema "hapo" mchana kutwa, na kila mara nilikuwa nimechelewa. Alinicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Studio ilikuwa na dirisha moja, na umeme ulikatika unavyotaka. Mwanga hafifu ukikutana na mtoto wa miaka miwili, picha hutoka ukungu mtupu. Kamera ina kijilango kiitwacho shata, na mwanga ukiwa mdogo lazima kikae wazi muda mrefu zaidi ili filamu ishibe. Katika muda huo mtoto keshafika mlangoni! Wapiga picha wengine walitumia vitisho au pipi. Fundi Mkuu alikataa vyote viwili. Alifungua tundu la lenzi mpaka mwisho ili mwanga uingie kwa wingi, kisha akasubiri.

"Mtoto hata akimbie vipi, akitaka kugeuka lazima asite," alinifundisha. "Akiruka, kule juu anasita. Mie nakaaga hapo namngoja."

Sijaona tena mtu mwenye jicho kama lile. Ilinichukua karibu mwaka kusema "hapo" kwa wakati wake, ndipo akanikabidhi kamera.

Kutoka Temeke nilihamia Mbagala, nikawa napiga picha katika shule za chekechea. Madarasa yalikuwa na vidirisha vya kuchungulia tu. Mwalimu Mkuu mmoja, mama mkali kweli kweli, alinionya, "Usinipangie watoto mstari. Wakipangwa wananuna." Basi nililala kifudifudi nikiwangoja wanirukie, na gauni langu likaisha kwa vumbi. Huko ndiko nilikopewa jina la Mama Picha, na nalipenda mpaka leo.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Kinondoni. Meneja alikuwa kijana msomi, mwenye kamera za kidijitali na taa za flashi kubwa kama masufuria ya shughuli. Alijua mashine kuliko mimi mara kumi, na sikuona aibu kumuuliza.

Siku moja aliingia mama mmoja muuza samaki kutoka Kunduchi, na bintiye Zulfa wa miaka mitatu. Zulfa alikuwa na ualbino, na mwanga mkali ulimuumiza macho.

"Shikamoo mama," yule muuza samaki alinisalimu. "Mie nina shida. Kila picha tunayomtumia mama mkwe, mtoto kafumba macho. Mama mkwe yuko Newala, hoi kitandani, na kakazania kuwa tunamficha, eti mjukuu wake haoni. Nataka amwone kafumbua, kabla hajatutoka."

Meneja akapiga flashi mara mbili. Zulfa akajiziba uso, akaangua kilio.

"Meneja," nikasema, "zima taa zote."

"Mama Picha, tuzime taa studio? Si itatoka giza?"

"Zima, baba."

Tukavuta mapazia, tukaacha upenyo mmoja. Nikapandisha usikivu wa kamera, yaani uwezo wake wa kunasa mwanga kidogo, nikijua picha itakuwa na chengachenga. Kilio kikakatika. Mikono ikashuka usoni. Kisha Zulfa akaanza mbio, akizunguka kiti, akienda na kurudi. Macho yake yalichezacheza, ila nikagundua kwamba akiinamisha kichwa upande kutazama kitu, yanatulia. Nilikosa picha sita. Mama yake akamwita kutoka nyuma yangu. Zulfa akageuka, akainamisha kichwa, akautafuta uso wa mama. Nikabonyeza.

Mkono ulitoka ukungu. Macho yalitoka wazi, makubwa, yanatazama.

Mama akakitazama kioo cha kamera. "Haya ni macho ya mama mkwe wangu," akasema, akaanza kulia. Nami nikalia. Meneja akavuta kiti, akaniomba nimfundishe.

Siku hizi nimestaafu, magoti yamekataa. Vijana mna simu zinazoona gizani kuliko paka, nami nawaonea wivu kidogo. Mmebarikiwa. Ila msiharakishe kuwasha taa kabla ya kumtazama mtoto aliye mbele yenu.

Wiki yangu ya mwisho kazini yule mama alirudi na samaki changu wa kukaanga. Akanieleza kwamba picha ilitumwa Newala kwa simu, na bibi yake Zulfa alishikiwa simu hiyo karibu na uso, akaitazama muda mrefu, kisha akasema, "Mleteni upesi, na yeye anione."

Walisafiri Ijumaa ya wiki ile ile, wakamuwahi.