Cheti cha Ng'ambo ya Mpaka

Ami yangu alinisemesha Kiswahili, na hapo ndipo nilipojua amekasirika kweli. Kwetu tunazungumza Kisomali; Kiswahili yeye alikiweka kwa askari na madereva wa malori.

"Karani," aliniambia mbele za watu, "ng'ombe yangu imebata sindano. Karatasi ndio hii. Unataka nini ingine?"

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa karani wa mifugo wa serikali huko Takaba, karibu na mpaka wa Kenya, mwenye muhuri na kiburi kidogo. Ami alinunua ng'ombe nchi jirani ili awaswage hadi soko la Garissa. Walichanjwa kule, na cheti kilikuwa halali kule. Kwetu kilikuwa karatasi tu. Kanuni ilitaka wachanjwe upya na kuzuiliwa zizini wiki tatu. Zizi lile halikuwa na hata jani, na maji yaliletwa kwa punda. Siku ya nane akafa ng'ombe wa kwanza. Wengine walikuwa mbavu tupu, na ami hakuwa na mali nyingine.

Nilimchukia kwa kuniaibisha, nikajichukia mwenyewe zaidi.

Kesho yake gari la wilaya likaleta waraka. Niliusoma mara tatu. Wanunuzi wakubwa wa ng'ambo ya bahari walikuwa wamekataa mifugo yetu na ya majirani vilevile. Machoni pao sote tulikuwa eneo moja lenye maradhi. Basi serikali hizi mbili, zilizokuwa zikiviziana miaka yote, zikakubaliana kuwaendea wanunuzi hao pamoja, kwa kanuni moja ya chanjo. Na mkishauza nje kwa kanuni moja, hamwezi tena kukidharau cheti cha mwenzenu. Tangu siku ile cha kule kilitosha huku.

Sikungoja chai. Nilikimbilia zizini, mtandio ukinivuka kichwani, nikagonga muhuri juu ya cheti cha ami hapo hapo langoni. Kisha nikakaa mavumbini na nguo zangu za ofisi. Alhamdulillahi, nilisema, na sikuona haya kulia.

Ami alitaka nimsomee waraka wote kwa Kisomali. Nikamsomea. Akasikiliza huku akisugua meno kwa mswaki, na aliponijibu, alinijibu kwa Kisomali.

"Adeer," akasema, maana kwetu ami humwita mtoto wa nduguye jina lile lile analoitwa yeye, "kama hao wanunuzi wangekubali ng'ombe wa Kenya peke yao, mngeitambua karatasi yangu?"

Ningeweza kumpa jibu la ofisini. Nilikuwa nimechoka nalo.

"Hapana, adeer."

Akacheka mpaka akakohoa.

"Basi tuombe wazidi kutukataa sote," akasema, akawafungulia ng'ombe lango.