Mifuko Isiyochemshwa

Aliyeacha kuchemsha mifuko ile ni mimi. Kwa miaka kumi na miwili nimesema ni mtu mwingine. Nilisema hivyo mbele ya watahini, nikaacha iandikwe hivyo kwenye ripoti, na mwishowe nikaitungia insha ya kuchekesha, nikalipwa chai na makofi. Afadhali niseme kweli hapa mwanzo, kabla sijapata nafasi ya kuipamba.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nasoma shahada ya pili katika umri ambao wenzangu walikuwa wanawapeleka watoto wao shule za bweni. Nilichunguza wadudu wanaoishi kwenye ngozi ya popo. Mama yangu, kule Kegonga, aliwaambia majirani kwamba nasomea udaktari wa ng'ombe, nami sikumsahihisha. Kwa Wakuria, mtoto aliyekaa chuoni miaka yote hiyo kisha akarudi na habari za kupe wa popo ni mtoto wa kuombewa.

Popo ana wapangaji wengi. Kuna utitiri kwenye ngozi nyembamba ya mabawa, kuna kupe nyuma ya masikio, na kuna inzi wa popo, ambaye ndiye aliyenipa tasnifu na ndiye aliyenivua nguo. Inzi huyu hana mabawa. Ni bapa, rangi yake ni ya asali iliyoungua, miguu mirefu kama ya buibui, na kichwa chake kidogo amekikunja mgongoni kama mtu asiyetaka kusalimiwa. Anaishi ndani ya manyoya, anakunywa damu, na ukimgusa anakwenda upande kama kaa. Jambo la kukumbuka ni hili: kila aina ya inzi, kwa kawaida, ina aina yake ya popo. Yule wa popo mkubwa anayekula matunda humkuti kwa popo mdogo anayekula wadudu. Ukimkuta, ama umepata habari ya kuandikia dunia, ama mfuko wako ni mchafu.

Kazi hii hakunifundisha profesa. Alinifundisha mtu mmoja wa Migori, Mjaluo, Msabato, aliyenipita kwa miaka kama kumi na mitano. Alikuwa amechimba dhahabu ujana wake wote, kwa hiyo aliyajua mashimo yaliyoachwa kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba yake, na aliyajua hasa yale ambayo popo walihamia baada ya watu kutoka. Nilimwita jaduong', yaani mzee, kama nilivyosikia wengine wakimwita. Yeye aliniita japuonj, mwalimu, ingawa sikuwahi kumfundisha chochote. Mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa Dholuo yangu iliishia kwenye bei ya samaki.

Alikuwa mwepesi wa utani. Nikikosea hesabu ya inzi nikaanza upya, alikuwa akisema, "Nyinyi Wakuria, hata inzi mnamhesabu kama ng'ombe. Unaogopa ameibiwa?" Nami nilimjibu kwamba nahesabu kwa sababu niko na Mjaluo, na Mjaluo huzidisha kila kitu mara mbili. Alicheka mpaka barakoa ikamshuka puani, kisha akaipandisha haraka na kunikumbusha nivae glavu zangu vizuri, maana popo hajui utani.

Katika kazi ya mifuko hakuwa na mzaha hata kidogo. Tukimnasa popo kwa wavu wa mkono, alitiwa peke yake kwenye mfuko wa kitambaa alioushona fundi cherehani wa sokoni, mdomo ukafungwa kwa kamba, mfuko ukatundikwa kivulini. Baadaye tulimtoa, mmoja akamshika, mwingine akapekua manyoya kwa burashi, akawatoa wadudu kwa kibanio na kuwatia kwenye kichupa cha spiriti, na jina la popo likaandikwa kwa penseli, kwa sababu spiriti hufuta wino. Basi kuna inzi ambaye, vurugu ikianza, humwacha popo wake na kujibana kwenye mshono wa mfuko. Bila damu hawezi kuishi muda mrefu, lakini mpaka kesho yake atakusubiri. Ukimtia popo mwingine humo, inzi atampanda, nawe utamtoa kwa uangalifu mkubwa na kuandika uongo kwa penseli. Kwa hiyo kila mfuko uliotumika mara moja ulichemshwa. Jaduong' aliigeuza yote ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye kila mshono, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota, akaianika juani. Siku za Ijumaa alifanya hivyo mapema, kwa sababu jua likizama ni Sabato, na Sabato hawashi moto wala hafui hata leso.

Alikuwa na sababu ya kuwa makini. Msimamizi wangu alikuwa amemwahidi kwamba mradi ufuatao utaajiri fundi wa kudumu wa kukamata na kupekua popo, mtu mwenye barua ya ajira na bima ya hospitali, na kwamba nafasi hiyo ni yake kazi yangu ikimalizika salama. Kwa mtu aliyechimba dhahabu ya wengine kwa miaka ishirini, barua ya ajira haikuwa karatasi tu. Alikuwa ameshamwambia mkewe.

Ijumaa hiyo tulikuwa kwenye shimo moja la Migori lenye popo wakubwa wala matunda. Saa nane mchana alianza kukunja nyavu. Nilimwomba tuingie mara moja tu. Tukaingia mara tatu. Safari yetu ya Homa Bay ilianza tumechelewa, na tulipofika kwa shemeji yake, mjane aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Mfangano, jua lilikuwa limeshaingia ziwani na jiko limezimwa. Nilimwomba mama huyo moto kidogo tu wa kuchemsha mifuko. Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mgeni asiyejua choo kiko wapi.

"Mwanangu, moto wa hapa umelala," alisema. "Na wewe lala."

Jaduong' akaniambia tutaichemsha kesho jua likizama, tufanye kazi Jumapili. Nikasema sawa.

Kesho yake wote walikwenda kanisani wamevaa meupe. Mimi ni Mkatoliki wa Krismasi na mazishi, kwa hiyo nilibaki nyumbani na mifuko michafu ishirini iliyoning'inia kwenye msumari. Jumatatu asubuhi nilitakiwa Nairobi mbele ya msimamizi, na Jumapili nzima ingeishia kazini, kisha safari ya usiku. Nyuma ya soko kulikuwa na ghala la zamani la pamba lenye popo wadogo wala wadudu kwenye mapaa. Nyumba ya tatu kutoka pale, jirani alikuwa anakaanga chapati, moshi nikiuona. Ningeweza kwenda kumwomba maji ya moto. Lakini ningemwambia nini? Niazime sufuria yako nichemshe mifuko ya popo? Ni mwanamke gani angeipikia familia yake tena kwenye sufuria hiyo? Niliona aibu. Ningeweza pia kungoja. Badala yake niliigeuza mifuko, nikaikung'uta ukutani kama mtu anayekung'uta makombo, nikaenda ghalani.

Popo wa saba alikuwa na inzi mkubwa, rangi ya asali, begani. Nataka jambo hili lieleweke: nilijua ametoka wapi kabla sijafunga kizibo cha kichupa. Niliandika hata hivyo.

Jioni jaduong' alirudi akakuta mifuko imetumika. Jua lilipozama aliomba sufuria yake ya siku zote, akaichemsha mifuko yote ishirini, akaikamua mmoja mmoja.

Msimamizi alifurahi kupita kiasi. Inzi wa popo mkubwa kwa popo mdogo! Sura nzima ya tasnifu ilijengwa juu ya mdudu mmoja mdogo kuliko punje ya mtama, nami nikaijenga kwa lugha nzuri, kwa sababu kama kuna kitu nilichojaliwa ni lugha. Kisha siku ya utetezi ikafika, na mtahini mmoja kutoka nje, mzee mkimya ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akaniuliza mifuko ilichemshwa na nani kati ya Migori na Homa Bay.

Nikajibu, "Mifuko ilikuwa kazi ya msaidizi wangu."

Kila neno katika sentensi hiyo ni kweli. Hapo ndipo elimu inapomsaidia mtu. Asiye na shule angelazimika kudanganya.

Daftari langu lilikuwa mezani, na ukurasa wenyewe umeandikwa Jumamosi kwa mwandiko wangu. Hakuna aliyelifungua. Sura ile iliondolewa, shahada nikapewa na masahihisho madogo, na msimamizi, ambaye alihitaji mtu wa kumkasirikia asiye mwanafunzi wake, akaandika kwenye ripoti ya mradi kwamba msaidizi wa nyanjani hakuzingatia usafi wa mifuko na asitumiwe tena kwa kazi ya sampuli. Nililetewa ripoti nisome kabla haijatumwa. Nilisahihisha nukta mbili.

Jaduong' alinipigia simu baada ya miezi mitatu. Mradi mpya ulikuwa umeanza na haukumwita. Aliuliza kama nimesikia lolote. Nikamwambia sijui, jaduong', labda fedha za wafadhili zimepungua. Akanishukuru. Alirudi kwenye mashimo, si yale ya popo, yale ya watu.

Mimi niliachana na popo. Nikaanza kuandika insha, na ya kwanza iliyopendwa ilikuwa ile ya mwanafunzi mzee wa Kegonga na msaidizi wake wa Migori aliyeogopa maji ya moto kuliko alivyoogopa popo. Niliisoma mara nyingi mbele ya watu. Kuna mahali walikuwa wakicheka sana, pale msaidizi anapounusa mfuko na kusema ni safi. Sehemu hiyo niliitunga kabisa. Najua kuchekesha.

Mwaka huu, mwezi wa pili, alinipigia mtafiti mmoja, dada mdogo mwenye sauti ya upole, anayeanzisha kazi ya popo Migori na Homa Bay. Alikuwa anatafuta fundi wa kudumu anayeyajua mashimo. Kila aliyemuuliza vijijini alimtajia mtu mmoja, lakini kwenye ripoti ya zamani jina hilo lilikuwa na alama mbaya. Akaniuliza kwa adabu kama ndiye yule wa mifuko.

Nilikuwa jikoni, nimeshika kijiko. Ningeweza kusema siye, ni mimi, nikamaliza hapo hapo. Nilisema nitamwandikia barua.

"Asante sana, dada," akasema. "Ila usichelewe, nataka mtu kabla mwezi haujaisha."

Rasimu ya kwanza ilikuwa na tamathali tatu na sentensi ndefu kuhusu dhamira. Nikaichana. Ya pili ilimsifu jaduong' mpaka akawa mtakatifu. Ya tatu ilinilaumu mimi kwa namna ambayo msomaji angetoka amenipenda. Ya nne ilikuwa kavu mno, nikaona inanionyesha kama mtu asiye na majuto. Niliweka barua kando siku kadhaa ili niisome kwa macho mapya, kama ninavyowashauri waandishi chipukizi. Nilibadilisha neno "uzembe" likawa "udhaifu", kisha nikalirudisha. Rasimu ya tisa ilisema tu kwamba mifuko niliitumia mimi, Jumamosi, bila kuichemsha, yeye akiwa kanisani; kwamba nililijua hilo siku ile ile; na kwamba ripoti ilisema uongo nami nikauacha. Mistari saba. Nilimtumia yule mtafiti, mwezi wa tatu ukiwa umeanza, nikamwomba amsomee jaduong' barua yote.

Siku nne zikapita. Siku ya tano, asubuhi, simu ikalia, namba nisiyoijua. Alinisalimu kwa kirefu, kwanza mimi, kisha mama yangu, kisha ng'ombe wa mama yangu. Aliniita japuonj. Sauti ilikuwa ile ile, imekauka kidogo. Akasema barua amesomewa, na ni barua nzuri, imenyooka.

Nikamuuliza ataanza kazi lini.

"Ah, hiyo walishampa mtu wa Rongo," alisema. "Wiki mbili sasa. Msichana alisema alingoja barua yako mpaka akashindwa. Hana makosa, yeye ana tarehe zake."

Nilisema nitampigia yule mtafiti, nitazungumza naye, labda kuna nafasi nyingine. Aliniacha nimalize, kama alivyoniacha siku zote.

"Wacha tu, japuonj. Sikupiga kwa sababu ya kazi."

Nikamwambia nisamehe. Nyuma yake nikasikia mawe yakipondwa.

"Ile habari ya ripoti mimi niliambiwa mwaka ule ule," alisema. "Nikamwambia mama watoto, yule mtoto wa Kuria alikuwa na mambo mengi, amesahau tu kwamba ilikuwa Jumamosi, nami niko kanisani. Watu wakikusema vibaya hapa, mimi ndiye nilikuwa nawajibu: amesahau. Miaka hiyo yote. Sasa wewe umeandika kwamba ulikuwa unakumbuka."

Akaniambia kuna watu wanamngoja, nimsalimie mama, akakata simu.