Mausi ya Kidoleni

Vidole vyangu vitatu vya mkono wa kulia vilibaki kwenye machimbo ya upande wa Bulyanhulu. Mchimbaji mwenzangu alivikata kwa panga tulipogombea kiroba cha mawe, na mawe yenyewe yaliposagwa hayakutoa dhahabu hata ya kuziba jino. Sisemi nilionewa. Mimi ndiye niliyeanza, nilimpiga nyundo ya bega. Nilibakiwa na dole gumba na kidole cha shahada, pamoja na kiapo kwamba siku tukionana atanilipa.

Dada yangu ana duka la kuchapa na kutoa kopi Nyahanga, pale Kahama. Alinichukua, akaniketisha mbele ya kompyuta. Herufi nilizizoea upesi. Mausi ndiyo iliyonishinda. Kushoto nilikuwa mzito, kulia haikushikika, inateleza kama sabuni. Ya kwanza niliigonga mezani hadi ikapasuka. Ya pili niliitupa ukutani. Hasira hasara, husema watu wenye vidole kumi.

Ndipo dada akaagiza mausi ya kuvaa, kidude kidogo kisicho na waya, unakifunga kidoleni kwa mkanda. Siku ya kwanza niliitukana kompyuta nusu saa nzima, kumbe dada alikijaribu kwenye simu yake na kilikuwa bado kimeungana nayo. Tulipokihamishia kwenye kompyuta nikakizungusha kana kwamba napiga nyundo, mshale ukakimbilia pembeni ya kioo. Kumbe kinataka kidole kisogee kidogo tu, kama unayechambua mchele.

Dada aliniona navuta pumzi kwa nguvu. "Mdogo wangu, sikiliza," akasema. "Siku ukipiga kitu au mtu humu ndani, unarudi kwenye mashimo na vidole vyako hivyo viwili."

"Sawa, dada."

Miezi mitatu nilitimiza ahadi. Nilichapa barua, fomu, hata kadi za harusi. Kisha asubuhi moja akaingia yule yule aliyenikata.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia dada kwa Kisukuma; dada hakuwahi kumwona. Mimi hakunitambua, machimboni sote tulikuwa vumbi tupu. Alitaka barua ya kuomba kazi ya ulinzi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Akaegemea meza yangu ili aone kioo, akaweka kiganja chake juu ya ubao wa kikata karatasi cha dukani, chini kabisa ya wembe wake mrefu ulioinuliwa.

"Andika kwamba mimi ni mtu mwenye tabia njema," akasema.

Nikaandika. Nilipotaka kusahihisha neno, mshale ulitetemeka kioo kizima. Akacheka kidogo. "Kaka, mbona unatetemeka?" Akatazama kidole changu, kisha pale pasipo na vidole. Midomo yake ikakauka mbele ya macho yangu, lakini mkono hakuuondoa. Nadhani alisahau kwamba ni wake.

Mkono wangu wa kushoto ukashika mpini wa kikata karatasi. Papo hapo mshale ukatulia. Haukucheza hata chembe. Dada alikuwa amesimama nyuma yetu na makaratasi, akaona kioo, akanitazama mkono.

Nilishusha wembe kwa nguvu zangu zote.

Dada alikuwa amekwisha kumvuta yule mtu kwa kola. Wembe uligonga ubao, ukakata kifungo cha mkono wa shati lake, basi. Alitoka mbio bila barua.

Dada hakupiga kelele. Aliinama, akafungua mkanda, akanivua mausi kidoleni taratibu, kama anayemvua mtoto kiatu. Machozi yalikuwa yakimtoka. Alingoja niseme samahani, na neno moja tu lingetosha, namjua. Sikulisema. Nilikuwa nautazama ubao, nikijiuliza ningewahi vipi kabla hajavutwa.