Neno Dogo Katika Wasifu wa Mbithi

Kalunde amekodi chumba kimoja mjini Kwa Vonza, chenye kompyuta na printa inayotafuna karatasi kila jua likiwaka sana. Kazi inayomlisha ni programu za mazishi, vile vijitabu wanavyogawiwa waombolezaji. Familia huleta picha na wasifu wa marehemu ulioandikwa kwa Kiingereza, hata kama marehemu mwenyewe hakukijua. Kalunde huchapa, na akichapa hurekebisha bila kuuliza. Wakiandika "discussed about", anaondoa "about". Wakiandika "died with malaria", anaweka "of". Mwalimu wake wa sekondari alishikilia kwamba kitenzi cha Kiingereza hujichagulia mwenzake, na huwezi kukiozesha mwingine kwa nguvu.

Majuzi Kaveke, mjane kutoka Matinyani, alikuja kuona programu ya mumewe, Mbithi. Alikuwa na shemeji yake Kyule, ndiye aliyeandika ule wasifu. Kyule alisoma kwa sauti, kisha akasita.

"Mimi niliandika 'married with Kaveke'. Wewe umeweka 'to'."

"Kiingereza kinataka 'to'," Kalunde akasema.

"Hiyo 'to' ni nini?" Kaveke akauliza.

"Ni kama 'kwa', mwaitu," Kalunde akamjibu, kwa heshima ya mama.

"Na ile ya Kyule?"

"Ni 'pamoja na'."

"Basi rudisha ya Kyule. Mimi sikupelekwa kwa Mbithi kama gunia la ndengu. Tulichimba matuta pamoja, tukazika watoto wawili pamoja."

Kalunde alitazama skrini. Akirudisha, walimu watakaofika mazishini watacheka, na jina la duka lake liko chini ya ukurasa. Lakini maneno ya huyu mama hakuyaona kosa.

"Mwaitu, 'to' ikae hapo. Halafu niongeze 'and shared everything with her'. Hapo 'with' iko mahali pake."

"Inasema nini?"

"Kwamba mligawana kila kitu."

"Kila kitu, hapana," Kaveke akasema. "Ugoro alikuwa ananinyima."

Kyule aliangua kicheko, akajizuia, akacheka tena. Kaveke hakucheka.

"Andika kazi," akasema. "Kazi tuligawana."

Kalunde akafuta "everything", akaandika "the work". Hakwenda mazishini. Jumatatu Kyule alirudi kuagiza nakala zaidi, kwa kuwa zile za kwanza ziliisha kabla ya wageni kuketi, na Kaveke alitaka kila mjukuu awe na yake.