Siku ya Ishirini na Nne

Harufu ya loshoro, mahindi ya kuchemsha yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, hunirudisha Moshono kwa bibi, mwaka niliokuwa darasa la tano. Ukungu wa Mlima Meru ulishuka hadi kwenye migomba, na nyumba nzima tulikuwa wawili tu. Baba, dereva wa watalii, alirudi kila siku ya sita, akalala, akaondoka alfajiri. Mama alipika kwenye kambi ya watalii mbugani. Yeye alirudi kila siku ya nane. Nikimpokea mmoja, mwingine hayupo. Nilikuwa mpweke, na nani angemhurumia mtoto mwenye wazazi wote wawili?

Ndipo mwalimu akatufundisha vigawe vya namba. Wenzangu walipiga miayo. Mimi nilikimbilia kalenda ya ukutani, nikahesabu tangu siku walipoondoka wote pamoja. Kwa kalamu nyekundu nikazungushia siku za baba: sita, kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na nne. Kwa bluu za mama: nane, kumi na sita, ishirini na nne. Kigawe kidogo cha shirika kilikuwa hicho cha mwisho, siku ambayo wangerudi wote wawili. Nilipomwonyesha bibi, aliendelea kukoroga sufuria. Nilidhani hesabu imemshinda.

Mdomo huponza kichwa. Siku ya kumi na nane baba alipokuja, nilimvuta hadi ukutani.

"Baba, safari ijayo utamkuta mama."

Aliitazama kalenda kwa muda mrefu. "Una uhakika?"

"Nimerudia mara mbili."

"Una akili, mwanangu," akasema.

Siku ya ishirini na nne nilivaa gauni la kanisani, bibi akapika chakula cha watu wanne. Mama alifika adhuhuri. Baba akampigia bibi simu: amebadilishana zamu na mwenzake, atakuja kesho kutwa. Mama hakuuliza kitu, alikula tu. Hapo nikaelewa kwamba hawakuwa wakipishana kwa bahati mbaya, na kwamba mimi ndiye niliyemwonyesha baba siku ya kuikwepa. Niliumia.

Sasa nafundisha hesabu shule moja ya Kisongo. Bibi ametangulia mbele ya haki, kila mzazi ana nyumba yake, nami huwatembelea kwa zamu. Juzi, nikifundisha vigawe, mwanafunzi aliniuliza, "Madamu, kuna namba mbili ambazo hazikutani kabisa?"

Nikamjibu kwamba hakuna; hata zikichelewa vipi, zitakutana. Akaandika jibu hilo daftarini, akalipigia mstari kwa rula. Nilimwonea wivu.