Mbwa Mwenye Jina la Baba Mkwe

Mfanyakazi wa sehemu ya mizigo pale uwanja wa ndege alilisukuma sanduku la plastiki hadi mbele yetu, akainama, akasoma kibandiko kwa sauti ya mtu anayempokea mbunge. "Karibu nyumbani, mzee," akasema, kisha akamalizia kwa jina. Mume wangu aligeuza uso. Mimi nilitazama viatu vyangu. Ndani ya sanduku, mbwa mdogo wa rangi ya mchanga uliolowa alianza kupiga mkia kwenye plastiki, maana alikuwa ameitwa.

Jina lile lilikuwa la baba mkwe wangu. Silitaji hapa, kama nisivyowahi kulitaja popote.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Mume wangu alikuja kwetu akiwa mkimbizi wa siasa, akanioa, na nchi yao ilipofunguka nikamfuata Johannesburg. Kwetu pia mkwe hatajwi hovyo. Lakini kwa wakwe zangu, ambao ni Waxhosa, jambo hili lina uzito wake. Mke aliyeolewa, makoti kama wanavyomwita, halitamki jina la baba mkwe wake hata akiwa peke yake jikoni, hata mzee akishazikwa. Bibi mmoja wa ukoo alinieleza hayo tukiwa tunachambua mboga, nami nikayashika. Fundi wetu wa bomba ana jina hilohilo. Namwita fundi. Akipiga simu kuniuliza kama namkumbuka, nasema, "Wewe wa bomba," na yeye hudhani nina dharau.

Mzee alihamia kwetu, kitongoji cha Observatory, baada ya mama mkwe kufariki. Kuhamia si neno lake. Yeye alisema amekuja kumtembelea mwanawe. "Mwisho wa mwezi narudi," alisema, na mwezi ulipoisha akasema vilevile kuhusu mwezi uliofuata. Kijijini hakubaki mtu wa kumpikia wala wa kumfungulia mlango. Mume wangu hakulala vizuri kwa sababu hiyo. "Siku akiondoka kweli," aliniambia, "tutapigiwa simu na majirani walioona moshi hautoki." Kazi yangu kubwa mwaka ule ilikuwa moja: mzee asiondoke.

Wazo la mbwa lilitoka kwa binti yetu, ambaye ni muuguzi Uingereza. Alijua babu yake aliacha mbwa wake kwa watu alipotoka kijijini, na kwamba alikuwa akiwaulizia mbwa hao kwenye simu kabla ya kuuliza hali za watu. Sasa kuna kituo kule alikokuwa akijitolea siku zake za mapumziko, kinachookoa wanyama waliotupwa, na mbwa huyu aliokotwa kando ya barabara kuu akiwa ndani ya mfuko. Binti akaamua kumwasili kwa niaba ya babu yake na kumtuma kwa ndege.

"Mwanangu," nilimwambia kwenye simu, "mbwa wa kutupwa wapo hapa. Nenda Diepsloot, wamelala mbele ya kila duka."

"Mama, huyu alinitazama."

"Wa Diepsloot hawana macho?"

"Mama, jamani!"

Sikuelewa, na nikiri kwamba sijaelewa mpaka leo, jinsi mbwa anavyochomwa sindano, anapimwa damu, anaombewa kibali cha serikali mbili na kuvuka bara zima, ilhali jirani yetu wa nyuma alikuwa akigawa watoto wa mbwa bure ndani ya kreti la bia. Lakini binti alikuwa na furaha, na mzee alipoambiwa hakusema hapana. Kwa mzee, hiyo ilikuwa ndiyo.

Kwenye gari, tukiwa tumesimama kwenye robot, kama waitavyo huku taa za barabarani, mume wangu alimpigia binti simu akaweka sauti wazi.

"Nani alimpa mbwa jina hili?"

"Kituo. Huku ndiyo mtindo, mbwa wanapewa majina ya wazee wa zamani. Linampendeza, sivyo?"

Mume wangu akasema linampendeza, akaaga, akakata. Taa iligeuka kijani naye hakuondoa gari. Watu wakapiga honi.

"Hajui," akasema.

"Hajui nini?"

"Jina la babu yake."

Nilitaka kubisha. Kisha nikawapitia watu mmoja mmoja kichwani. Nani angemwambia? Mimi siruhusiwi. Baba yake husema Tata, yaani baba. Binamu zake husema Tatomkhulu, yaani babu. Watu wa kanisani na majirani humwita kwa jina la ukoo, kwa heshima. Tulikuwa tumelilinda jina lile vizuri sana hata mtoto wetu akakua, akasoma, akaajiriwa, bila kulisikia. Sasa amelinunulia tiketi ya ndege.

"Tumwambie?"

"Atalia. Atampigia mzee kumwomba radhi, na mzee atajua. Akijua, kesho yuko kwenye basi."

Tukalibandua jina pale pale kwenye sanduku, na kabla hatujafika nyumbani tulikuwa tumempa mbwa jina jipya la Kiswahili, Mgeni.

Mzee alikuwa barazani. Alimtazama mbwa kwa muda.

"Ndiye huyu aliyepanda ndege?"

"Ndiye, Tata."

"Mimi sijawahi kupanda," akasema, akampa kidole alambe.

Walipatana tangu siku ile, ila Mgeni hakuitika. Tulimwita jikoni, tukamwita uani, tukamwita tukiwa na mfupa mkononi. Alikuja kwa ajili ya mfupa. Mzee alijaribu mluzi, na mluzi ulifanya kazi. Lakini jambo lile lilimkera. Yeye amefuga mbwa tangu utotoni.

"Makoti, maana ya jina hili ni nini?"

Nikamweleza kwa Kixhosa changu chenye lafudhi ya Morogoro.

"Mbwa wa umri huu huwa na jina tayari. Angalia masikio yake. Anangoja kitu. Huko alikotoka walimwitaje?"

Nikakumbuka sufuria jikoni, nikaenda kuikoroga. Ilikuwa tupu.

Jumapili moja alikuja kututembelea rafiki wa baba mkwe, mzee wa Soweto, aliyeingia naye jandoni. Katika jiji zima la Johannesburg, huyu ndiye mtu pekee aliyebaki na haki ya kumwita baba mkwe kwa jina. Nasi, katika mipango yetu yote, tulimsahau. Alisimama getini, akashika vyuma kwa mikono miwili, akaita kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde.

Mzee alikuwa anainuka taratibu, mkono kwenye mkongojo. Mbwa alimpita chini ya kiti, akakata ua mbio, akaruka getini akilia kwa furaha, akalamba vidole vya rafiki huyo kati ya vyuma.

Rafiki akamtazama mbwa, akamtazama mzee. Akaita tena, polepole, kama mtu anayejaribu swichi. Mbwa akazunguka mara mbili mahali pale pale.

"Eish," akasema. "Mwenzangu, umeitikiwa na mbwa!" Akacheka hadi kofia ikamdondoka.

Mzee hakucheka. Aligeuka kunitazama mimi, nami nikatazama chini, kwa hiyo akapata jibu lake.

"Nipigie mjukuu wangu," akasema.

Nilipiga. Nikaweka sauti wazi kwa sababu mzee hasikii vizuri, nikasogea hadi mlangoni.

"Tatomkhulu! Umempenda?"

"Anakula vizuri. Anaitwa nani?"

Binti akalitaja jina, lote, kwa furaha. Rafiki wa mzee akakohoa ndani ya kofia yake.

"Na mimi?"

"Wewe nini, Tatomkhulu?"

"Mimi naitwa nani?"

"Si Tatomkhulu?" Alicheka kidogo.

"Hivyo ndivyo unavyoniita. Nauliza jina langu."

Akataja jina la ukoo.

"Hilo ni letu sote. Hata wewe unalo."

Nilisikia gari likipita kule kwao kwenye mvua.

"Sijui," akasema binti. Sauti ilikuwa ya mtoto wa darasa la kwanza. "Mama hajaniambia."

"Mama yako haruhusiwi."

Mzee akampa jina alilozaliwa nalo. Alimtaka alirudie mara tatu mpaka ule mlio wa ulimi wa Kixhosa ukakaa mahali pake. "Hilo nilipewa na baba yangu," akasema. "La pili tulipewa shuleni, siku ya kwanza. Mwalimu alitupanga mstari akatugawia majina kama anavyogawa chaki. Hilo la pili unalo tayari. Unamwitia mbwa."

Alinirudishia simu kama anarudisha kikombe. "Analia," akasema. "Zungumza naye."

Nilizungumza naye sana, lakini sikuwa na la maana la kumwambia, kwa sababu mwenyewe sikujua tumefika wapi. Mzee hakupandisha sauti. Alikunywa chai na rafiki yake, wakaongea habari za migodini. Kesho yake pia hakusema kitu. Wala hakusema mwisho wa mwezi anarudi, na ukimya huo ndio ulionitisha zaidi. Mtu anayetishia kuondoka, bado yupo. Anayenyamaza, labda ameshafunga mizigo moyoni.

"Amekasirika?" mume wangu aliuliza kila jioni akitoka kazini.

"Sijui. Leo ameomba chumvi."

"Kwa sauti gani?"

"Ya mtu anayetaka chumvi."

Nikajipa moyo, nikamfuata barazani. "Tata, tumbadilishie mbwa jina moja kwa moja?"

"Mbwa ana kosa gani?"

"Na mimi basi nimwiteje?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jua linatoka wapi. "Wewe ni makoti," akasema, akarudi kwenye redio yake. Kwa hiyo nilimwita mbwa kwa kupiga makofi. Jirani akaniuliza kama nimejiunga na kwaya.

Siku ya chanjo ilipofika mume wangu alikuwa kazini, nikaendesha mimi. Mzee alisema atakuja. Alikaa kiti cha nyuma na mbwa mapajani, amevaa koti lake la kanisani. Nilimtazama kwenye kioo njia nzima. Sikuweza kujua kama nampeleka mbwa kwa daktari au namzoesha mzee safari ya stendi ya mabasi.

Msichana wa mapokezi alikuwa na haraka.

"Jina la mgonjwa?"

Nyuma yangu mzee akalitaja, wazi kabisa. Sikuwahi kumsikia akilitamka mwenyewe. Mbwa akasimamisha masikio.

"Jina la mwenye mbwa?"

Mzee akalitaja tena.

"Hapana, baba, hilo ni la mbwa. Naomba la mmiliki." Aliongea polepole, kama watu wanavyowaongelesha wazee.

Mzee naye akajibu polepole, kama watu wanavyowaongelesha watoto. Lilelile.

Msichana akanigeukia. "Mama, hebu nisaidie."

"Siwezi," nikasema, na ilikuwa kweli tupu.

Akapumua, akaandika. "Haya. Mmiliki anaishi wapi?"

Nilijua jibu la mzee kwa swali hilo. Daktari wa macho alipomuuliza, kasisi alipomuuliza, alitaja kijiji chake na mto wake, kisha akaongeza kwamba hapa amefikia kwa mwanawe. Nilikaza kamba ya mbwa mkononi.

Akataja namba ya nyumba yetu. Akataja mtaa, kisha akasema Observatory, akamsubiri msichana amalize kuandika.

"Atahitaji sindano nyingine mwezi ujao," msichana akasema.

"Tutakuja," akasema mzee.

Nilitaka kumuuliza kama ameamua sasa hivi, au siku ile ya simu, au hajaamua lolote na alihitaji tu anwani ya kumpa msichana mwenye haraka. Lakini alikuwa ameshanipokonya kamba na kutangulia mlangoni, akinihimiza nifungue, kwa sababu mbwa alitaka majani ya kukojolea.